Kupanga meno ukubwani kwa alaina: mwongozo kwa wenye kesi ngumu

Jino langu la pili la juu, upande wa kulia, lilikuwa limejificha nyuma ya mwenzake tangu nikiwa darasa la sita. Nikifunga mdomo linaingia ndani ya meno ya chini, na hayo ya chini yenyewe yamepandana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Nimefundisha miaka kumi na minne hapa Tanga huku nikicheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Nilipofika miaka 38 nikaamua kuyapanga kwa alaina, zile trei za plastiki angavu ambazo mtu anavaa na kuvua mwenyewe. Mwanzo nilikosea, nikalipa mara mbili, na kazi ya miaka miwili ikala mitatu. Haya ninayoandika ndiyo ambayo natamani mtu angenikalisha barazani akanieleza kabla sijatoa hata shilingi.

Kubwa kuliko yote ni hili: meno yakiwa yamepinda sana, trei haiwezi kurekebisha uchunguzi mbovu. Matokeo yako yanaamuliwa kabla trei ya kwanza haijatengenezwa, na baada ya hapo yanaamuliwa na saa unazovaa. Kwa hiyo hatua za mwanzo nitakaa nazo sana.

Hatua ya 1: Ijue kasoro yako

Simama mbele ya kioo asubuhi, karibu na dirisha. Uma kwa magego kama unavyofanya ukimeza mate, taya usilisogeze mbele, kisha vuta midomo kwa vidole. Tazama mbele, halafu pembeni kote kuwili. Watu wengi huishia mbele, na kesi ngumu mara nyingi imekaa pembeni.

Ukiona meno ya mbele ya juu na ya chini hayakutani, ulimi unachungulia katikati, usikate tamaa. Alaina huimudu kasoro hiyo vizuri kwa watu wazima wengi. Plastiki inafunika magego, na kila ukiuma inayagandamiza kidogo kuelekea kwenye mfupa, na mbele panafunga taratibu. Ila chanzo kijulikane. Kama ni ulimi unaosukuma meno kila ukimeza, bila kuirekebisha tabia hiyo meno yatarudi yalikotoka.

Meno ya juu yakifunika ya chini mpaka hayaonekani, au ya chini yakichoma ufizi nyuma ya meno ya juu, hapo kazi ni nzito zaidi. Meno ya mbele yanatakiwa kuzamishwa, na trei za namna hii mara nyingi huwa na vibonge vidogo nyuma ya meno ya juu ili ya chini yakanyage hapo.

Jino lililojizungusha linategemea umbo lake. Yale bapa ya mbele plastiki inayashika. Chonge na magego madogo yana mviringo, plastiki inateleza, sawa na kufungua mfuniko wa chupa kwa mkono wenye sabuni. Haya ndiyo yanayochelewesha watu.

Msongamano nao una viwango. Ukikosa nafasi ya milimita mbili au tatu, kupanua kidogo safu ya meno na kukwangua kingo zake hutosha. Ukikosa saba, nane, daktari ataanza kuzungumzia kung'oa gego dogo. Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo alaina zinapopata taabu kuliko nyaya, zile za chuma zinazogandishwa kwenye meno. Pengo la jino lililong'olewa linatakiwa kufungwa kwa jino kutembea zima, kichwa pamoja na mzizi. Plastiki inashika kichwa tu. Bila mpango makini, meno yanayopakana na pengo yanalala kuelekeana kama minazi ya ufukweni, na ukiyatazama kwenye eksirei mizizi bado iko mbalimbali.

Halafu kuna hili letu la huku, ambalo video nyingi za kigeni haziligusi: gego lililong'olewa zamani. Wengi wetu tuliumwa gego tukiwa na miaka kumi na mitano, tukapelekwa kung'olewa, ikaisha. Miaka ishirini baadaye gego la nyuma limelala kwenye lile pengo, na la juu limeshuka kumtafuta mwenzake ambaye hayupo. Kulisimamisha gego lililolala inawezekana. Kulirudisha juu lililoshuka, kwa plastiki peke yake, ni vigumu. Daktari anaweza kuhitaji skrubu ndogo inayopachikwa kwenye mfupa kwa miezi kadhaa ili apate mahali imara pa kuvutia. Ukimaliza kupanga ndipo unawekewa jino bandia, kwa sababu sasa lina nafasi. Ukianza na jino bandia la kudumu umejifungia mlango, maana bandia lililosimikwa mfupani halisogei.

Mwisho ni taya. Kidevu kikiwa kimetangulia mno au kimerudi nyuma mno, kasoro iko kwenye mfupa, na taya la mtu mzima halikui tena. Ikiwa ndogo, meno yanaweza kuinamishwa yakaificha. Ikiwa kubwa, tiba ni upasuaji wa taya, na alaina au nyaya hutumika kabla na baada yake. Daktari akikwambia hivyo hajakutisha, amekuheshimu.

Hatua ya 2: Tengeneza fizi kwanza

Fizi zikitoka damu ukipiga mswaki, usianze. Jino linatembea kwa sababu likisukumwa, mfupa wa upande linakoelekea unaliwa, na upande linakotoka unajengwa mpya. Kwenye fizi zenye ugonjwa ule ulaji unaendelea na ujenzi haufuati. Mtu anamaliza matibabu akiwa na meno yaliyonyooka yanayocheza.

Kwa kazi hii huna haja ya kusafiri. Kitengo cha meno cha hospitali ya Bombo hapa Tanga na kliniki za mjini wanasafisha ugaga, ule ukoga uliogeuka jiwe. Omba wakupime kina cha mfuko kati ya jino na ufizi. Milimita moja hadi tatu ni salama. Rudi upimwe tena baada ya miezi miwili mitatu. Mashimo yote yazibwe. Umri wenyewe si kikwazo: mwenye miaka sitini na fizi nzuri yuko mahali pazuri kuliko kijana wa ishirini na tano mwenye fizi zilizooza.

Mweleze daktari kila kitu: kisukari, sigara, mimba unayoitarajia, na hasa kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa, maana baadhi yake zinazuia ule ulaji na ujenzi wa mfupa nilioueleza.

Kama meno yako ya mbele zamani yalikuwa yamekaa vizuri na sasa yanaachana na kuchomoza, wahi zaidi. Hiyo kwa mtu mzima mara nyingi ni dalili ya mfupa kupungua.

Hatua ya 3: Daktari, na picha

Hapa ndipo nilipoumia. Kliniki moja ilinichukua skani ya mdomo siku ya kwanza, ikanionyesha video nzuri, nikalipa. Hakuna eksirei iliyopigwa. Baada ya miezi minane jino langu lililojificha halijasogea, na kibaya zaidi, magego yangu hayakutani tena. Unene wa plastiki ulikuwa umeyazamisha. Nilikuwa natafuna nyama kwa meno ya mbele, nikiwa mezani na mama yangu, naye akaniuliza, "Mwanangu, mbona unakula kama sungura?" Nililia usiku ule.

Daktari wa pili alianza upya. Kwanza picha ya eksirei ya taya zote, inayoonyesha mizizi, mfupa na meno yaliyozama. Pili eksirei ya kichwa kwa upande, ambayo kwayo anapima uhusiano wa taya la juu na la chini. Tatu picha za uso na meno. Skani ilikuwa ya mwisho. Akakuta mfupa umepungua kwenye meno yangu ya chini ya mbele. Kumbe yalikuwa yanasukumwa nje ya ukingo wa mfupa wake. Bila picha ile yangeendelea kusukumwa.

Kupanga meno ni ubingwa wa peke yake. Mabingwa wake wengi wako Dar es Salaam, kilomita kama 350 kutoka kwetu, kwa hiyo jiandae kwa basi la alfajiri. Muulize daktari namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muombe akuonyeshe kesi alizomaliza zinazofanana na yako, mwanzo na mwisho. Muulize pia: nikishindwa kwa alaina, utanimalizia kwa nyaya? Anayejua nyaya ana njia ya kurudi. Katika kesi ngumu si ajabu kuanza na vipande vya nyaya kwa miezi michache, kisha alaina zikamalizia, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Trei za kuagiza mtandaoni bila kuonwa mdomo, ziache. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani ilifungwa Desemba 2023 na wateja wengi wakaachwa katikati ya matibabu. Hao walikuwa na mahakama za kwao za kukimbilia. Wewe wa Ngamiani utamfuata nani?

Hatua ya 4: Usome mpango kabla ya kuukubali

Utaonyeshwa video ya meno yako yakitembea. Usitazame mwanzo na mwisho tu. Omba isimamishwe katikati, igeuzwe, uone magego. Kumbuka kwamba inaonyesha kinachoombwa, wala haijui kama mfupa wako utakubali. Trei moja husogeza jino kama robo ya milimita tu, kwa hiyo kesi ngumu hula trei arobaini, hamsini au zaidi, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu ni muda wa kawaida.

Uliza meno gani hayatafuata vizuri. Daktari mzuri atakutajia moja kwa moja. Wangu aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya lile jino langu, akasema, "Dada, hili litatusumbua, nimelipangia mwendo wa polepole."

Na kama una mwanya, sema! Kompyuta haijui kwamba kwetu mwanya ni uzuri. Itauziba ikijua imekusaidia. Rafiki yangu wa Pangani aliwahi kusimamisha mpango mzima kwa ajili ya mwanya wake, na daktari akaubakiza bila shida yoyote.

Bei uliza imebeba nini: trei za marekebisho mwishoni, riteina (kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yakishapangwa), na kikidondoka kinundu, kile kibonge kinachogandishwa kwenye jino. Iandikwe.

Hatua ya 5: Vinundu, kukwangua, vipira

Siku ya kuanza unagandishiwa vinundu vya rangi ya jino kwenye meno kadhaa. Ndivyo vinavyoipa plastiki mahali pa kushika. Vizazi vya kwanza vya alaina, miaka ya mwisho ya 1990, vilifaa kasoro ndogo zaidi, na vinundu ni mojawapo ya vitu vilivyobadilisha hali hiyo. Ulimi utavichukia kwa wiki moja. Waliokulia Arusha na Meru, wenye madoa ya kahawia ya floraidi ya maji, wamwambie daktari aandae jino kwa uangalifu zaidi, maana gundi hushika vibaya kwenye meno hayo.

Kukwangua kingo kunaogopesha kwa jina tu. Ni utepe mwembamba wenye msasa unaopitishwa kati ya meno mawili, unaondoa vipande vya sehemu ya kumi za milimita. Hauumi. Unasaidia pia kupunguza vile vipembe vyeusi vinavyobaki karibu na ufizi kwa watu wazima meno yakishanyooka.

Vipira vinaunganisha trei ya juu na ya chini ili kuoanisha taya. Ukiambiwa uvae, vaa saa zote. Nusu ya kushindwa kwa mwezi wangu wa sita ilikuwa ni kuviacha nyumbani.

Hatua ya 6: Kuishi nazo Tanga

Saa 22 kwa siku. Maana yake una saa mbili za kula, kunywa na kupiga mswaki, zote kwa pamoja. Hesabu hiyo inabadilisha maisha kwenye mji kama wetu, ambapo mtu anakula kidogo kidogo kutwa: bajia saa nne, mihogo ya kukaanga jioni, kahawa barazani. Mimi niliacha kula njiani. Nilikula mara tatu, nikatoka mezani na mswaki mkononi.

Trei ikiwa mdomoni, unakunywa maji tu. Kahawa chungu inatia doa na moto wake unalegeza plastiki. Kashata na halwa zinaacha sukari chini ya trei, imefungiwa na jino kutwa nzima. Hata dafu lina sukari. Vua, kunywa, sukutua, vaa. Ubuyu wenye rangi utajuta. Binzari ya manjano inageuza trei kuwa ya njano, lakini hiyo ni rangi tu, na ukibadili trei inakwisha.

Kuvua kuna namna yake. Anza nyuma kabisa, upande wa ndani, ingiza ncha ya kidole chini ya ukingo wa plastiki kwenye gego la mwisho, vuta chini taratibu mpaka usikie mlio mdogo wa kuachia. Nenda upande wa pili ufanye vilevile. Ndipo uje mbele. Ukianza mbele utapasua trei au kung'oa kinundu.

Kasha gumu liwe nawe siku zote. Kwenye harusi moja Chumbageni nilivua trei kula biriani, nikaifunga kwenye pindo la leso. Tuliposimama kucheza nikasikia kitu kikivunjika. Nyingine iliharibika juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana wa Januari. Ilijikunja kama jani la mgomba linaloungua. Usiioshe kwa maji ya moto. Maji ya kawaida, sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha. Dawa ya meno inaikwaruza.

Ramadhani, mchana ni rahisi: tangu umalize daku mpaka futari trei inakaa saa kumi na tatu na ushei bila kuvuliwa. Usiku ndipo watu wanapoteza. Futari, kisha matunda, kisha uji, kisha wageni, mpaka daku. Panga milo yako ya usiku iwe na mwanzo na mwisho. Na kwa kuwa kinywa hukauka mchana, safisha kwa uzi wa meno kabla ya kuvaa alfajiri, maana mate yanapopungua meno hupungukiwa na ulinzi. Suala la saumu yenyewe muulize shehe wako.

Sauti ya "s" itakutoroka siku tatu nne. Nilisoma kwa sauti usiku, "Saida asisahau saa sita," mpaka ikarudi, nikaingia darasani bila wasiwasi.

Trei mpya anza kuivaa usiku, ukienda kulala. Maumivu ni ya mbano, siku moja au mbili, yakiwa makali panado inasaidia. Yakizidi siku nne tano, mpigie daktari.

Hatua ya 7: Angalia kama meno yanafuata

Kila kabla ya kubadili trei, simama tena kwenye kile kioo cha dirishani. Tafuta uwazi kati ya ncha ya jino na plastiki. Uwazi mwembamba wa ukucha unavumilika. Ukiwa mkubwa, au kinundu hakikai kwenye tundu lake, jino limeachwa nyuma. Usiendelee na trei inayofuata kwa sababu tarehe imefika. Baki na ile ile siku kadhaa zaidi, uma kile kipande laini cha kutafuna walichokupa, dakika kumi asubuhi na jioni, hapo penye uwazi. Piga picha, mtumie daktari kwa WhatsApp. Sisi tulio mbali na Dar tunapona kwa picha hizi. Kwangu niliondoka na trei za miezi miwili kila safari, na picha kila wiki mbili.

Usikubali kuharakisha. Kubadili kila siku saba kunawezekana kwa baadhi, lakini kwa meno magumu, siku kumi au kumi na nne zinampa mfupa nafasi ya kujijenga. Mzizi haujui kwamba una haraka ya harusi ya mdogo wako.

Trei uliyotoka kuimaliza usiitupe. Ukipoteza unayovaa, rudi kwa ile, kisha uulize.

Hatua ya 8: Marekebisho

Trei zikiisha, mdomo utakuwa karibu na mpango, haujafika. Ni kawaida kabisa katika kesi ngumu. Unaskaniwa upya, zinakuja trei nyingine. Mimi nilirudia mara mbili, ya pili ikiwa kwa ajili ya lile jino moja na kukutanisha magego. Hakikisha magego yanashika pande zote kabla hujasema imetosha. Daktari ana karatasi nyembamba ya rangi ya kupimia.

Hatua ya 9: Riteina

Meno ya mtu mzima yana hamu ya kurudi, na yaliyokuwa yamejizungusha ndiyo yenye hamu zaidi. Miezi ya kwanza riteina huvaliwa karibu kutwa, kisha kila usiku, bila tarehe ya mwisho. Wengi huongezewa waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno ya chini. Upitishe ulimi hapo kila jioni. Ukihisi ncha inakwaruza umeachia, na jino litaanza safari kabla hujaliona.

Nina riteina mbili, kila moja na kasha lenye tarehe. Moja navaa, nyingine iko kabatini. Ile ya kuvaa ikinibana zaidi ya usiku mmoja, asubuhi yake napiga simu.